Piga Makofi Kwanza, Amplifaya Baadaye

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa muziki wa kusikiliza nyumbani. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, wazee shikamooni, vijana hamjambo.

Kabla ya yote naomba tupige makofi. Mara moja tu, kwa pamoja, halafu kimya kabisa. Tayari? Moja, mbili, tatu.

Asanteni. Mmesikia nini baada ya viganja kukutana? Kuna mkia. Sauti imepiga, ikazungukazunguka humu ndani, ndipo ikafa. Mkia huo haukutoka mikononi mwenu, umetoka darini, ukutani na kwenye vioo vya madirisha. Sasa kila pigo la ngoma na kila neno la mwimbaji linalotoka kwenye spika zako nyumbani linaburuta mkia wa namna hiyo, na hakuna amplifaya duniani inayoweza kuukata. Hakuna.

Nimeanzia hapo kwa sababu wengi wetu tunanunua vyombo kwa kuanzia mkiani. Mtu anahangaika na waya, kisha amplifaya, kisha spika, lakini chumba hakigusi, na rekodi yenyewe haulizi imetoka wapi. Leo nataka tuipindue foleni hiyo. Rekodi itangulie, chumba kifuate, kisha spika, na vingine vyote visubiri nyuma. Ila kabla ya kufika huko kuna hesabu moja ya kusafisha, nayo ni masikio yetu na namna macho yanavyoyaburuza.

Mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuzunguka miji ya Marekani na maonyesho ya ajabu. Mwimbaji anasimama jukwaani kando ya mashine ya santuri. Anaimba, ananyamaza, mashine inaendeleza wimbo, naye anaingia tena. Kisha taa zinazimwa. Zikiwashwa, mwimbaji hayupo! Kumbe kwa muda wote ule wa giza ilikuwa ikiimba mashine peke yake. Maonyesho hayo yalidumu karibu miaka kumi, na wasikilizaji wengi waliapa kwamba tofauti hawakuisikia.

Sasa hebu fikirini mashine yenyewe. Haikuwa na umeme katika njia ya sauti. Mwimbaji alipaza sauti kwenye pembe, sindano ikachora, na nyumbani pembe nyingine ikaitoa sauti. Besi ilikuwa haba, na ule mng'ao wa juu wa matoazi haukuwepo. Walikuwa wajinga watu wale? Hata kidogo. Walikuja wakitaka kuamini, na jukwaa lilipangwa ili waamini. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, uzeeni alieleza kwamba alikuwa akiipa sauti yake rangi ya mashine ili watu wasitambue. Mashine haikuweza kumfuata mtu, basi mtu akaifuata mashine.

Mnacheka? Haya, twende mwaka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani inauza santuri za bei ya juu, na wanunuzi waliamini kwamba zinakatwa moja kwa moja kutoka kwenye utepe wa asili, bila dijitali kupita katikati. Katika mijadala yao wanunuzi hao walisifu joto la analogi, wakasema dijitali huua roho ya muziki. Mwezi Julai mwaka ule mwenye duka moja la santuri huko Phoenix akalivujisha jambo, na wahandisi wa kampuni wakakiri: kwa miaka kadhaa santuri nyingi kati ya hizo zilipitia hatua ya dijitali. Kesi ikafunguliwa, na kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 25. Kosa la kampuni lilikuwa katika tangazo, na hilo lina mahakama yake. Swali letu hapa ni jingine. Yale masikio yaliyokuwa yakiinusa dijitali kutoka chumba cha pili, miaka yote hiyo yalikuwa wapi?

Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti, walilipima jambo hili kwa spika. Mwaka 1994 walichapisha jaribio la wasikilizaji 40 na spika nne. Watu walizipa alama huku wakiziona, kisha wakazipa alama pazia likiwa limeshushwa. Spika ni zilezile, muziki ni uleule, lakini alama zilibadilika. Na hawa walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vyombo vya sauti, wala si wapita njia. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena vimevaa alumini iliyosuguliwa ikang'aa. Dawa ni kushusha pazia.

Pazia linashushwaje nyumbani? Tuseme unalinganisha amplifaya mbili. Kwanza kabisa sawazisha ukubwa wa sauti. Tofauti ya desibeli moja (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), au hata nusu, sikio haliiiti "kubwa zaidi". Linaiita "safi zaidi" au "yenye uhai", na hapo muuzaji ameshamaliza kazi yake. Basi cheza mlio mmoja wa Hz 400, yaani masafa ya mitetemo 400 kwa sekunde, na upime volti pale waya zinapofungwa nyuma ya spika kwa malitimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Usitumie mlio wa juu sana, kwa maana malitimita nyingi za kawaida hudanganya masafa yakipanda. Amplifaya ya kwanza ikitoa volti 2.00, ya pili isipungue 1.98 wala isizidi 2.02. Hapo umekaribia moja ya kumi ya desibeli. Kisha mtu mwingine abadilishe waya huku wewe huoni, na achague kwa kurusha sarafu, asichague kwa hisia, nawe utaje ni amplifaya ipi inayocheza. Fanya mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu unachokisikia kweli, kwa maana bahati tupu hufika huko chini ya mara 4 katika 100. Ukipatia 9, fedha yako irudishe mfukoni.

Nimemaliza hilo. Sasa rekodi.

Mwaka 1959 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, aliingia studio ya kampuni ya Columbia, Barabara ya 30, New York, kurekodi albamu ya Kind of Blue. Siku ya kwanza mashine kuu ya utepe ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Utepe ulionaswa polepole ukichezwa kwa mwendo sahihi unafanya nini? Unakimbia, na sauti inapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zimepanda kidogo kuliko zilivyopigwa. Aliyekaa kwenye piano iliyotuniwa vizuri ili apige sambamba na santuri yake, alikuta havipatani. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 30, hadi 1992, ulipotumiwa utepe wa mashine ya akiba uliokuwa sawa. Miaka thelathini! Fikiria spika na amplifaya zote zilizobadilishwa majumbani katika muda huo ili rekodi ile isikike "kama ilivyo". Kosa lilikuwa ndani ya utepe, na hakuna chombo cha nyumbani kinachoweza kurudi nyuma yake.

Upande wa pili wa sarafu ni mhandisi wa kurekodi, Rudy Van Gelder. Mchana alikuwa mpimaji wa macho. Nje ya kazi hiyo alirekodi wanamuziki wa jazi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake mwenyewe. Sebule! Na rekodi zile mpaka leo watu wanazitafuta kwa bei ya kutisha, kwa sababu mtu alijua maikrofoni aiweke wapi.

Kinachoumiza rekodi za zama hizi ni kubanwa. Sauti ya dijitali ina dari, na juu ya dari hakuna kitu. Anayetaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa jirani hukata vilele vya ngoma, kisha huinua vyote vilivyobaki mpaka vigonge dari. CD yenye biti 16 ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kilele na sakafu, lakini albamu nyingi za miaka ya 2000 ziliishi katika desibeli chache za juu kabisa. Mfano unaojulikana ni albamu ya Death Magnetic ya bendi ya roki ya Metallica, mwaka 2008. Nyimbo hizohizo zilitoka pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na humo hazikubanwa vile. Mashabiki wakaziweka pamoja, wakasikia kwamba ngoma za kwenye mchezo zinapiga na za kwenye CD zinakwaruza. Maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu itengenezwe upya. Hebu ona: toleo la mchezo wa watoto likalishinda la CD!

Unaweza kujionea mwenyewe. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, utazame umbo. Rekodi yenye pumzi inaonekana kama ua la miti, vilele vingine juu na vingine chini. Iliyobanwa inaonekana kama tofali. Jambo zuri ni kwamba faida ya kubana imekwisha: Spotify, kwa mfano, ule mtandao wa kusikilizia muziki, kwa kawaida huvuta nyimbo zote kuelekea kiwango cha LUFS 14 chini ya dari (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wastani wa wimbo). Wimbo uliobanwa mpaka 8 unashushwa desibeli 6. Ukubwa umeondoka, mkwaruzo umebaki.

Na haya mafaili ya biti 24 na kHz 96, yanayouzwa kuwa ya kiwango cha juu kuliko CD, yana maana? Studioni yana maana kubwa, kwa sababu mhandisi anahitaji nafasi ya kukosea. Sebuleni ni hadithi nyingine. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo sauti ya kiwango cha juu ilipitishwa, au haikupitishwa, kwenye kiwango cha CD, biti 16 na kHz 44.1, wasikilizaji wakiwa hawajui lini. Majaribio 554, waliopatia 276. Sarafu ingefanya hivyohivyo. Lakini sikilizeni vizuri. Waliofanya jaribio hilo waliona pia kwamba matoleo mengi ya kiwango cha juu yalisikika vizuri kuliko CD za kawaida, kwa sababu yalitengenezwa kwa uangalifu zaidi na hayakubanwa. Lipia masta nzuri, yaani rekodi mama iliyotengenezwa vizuri. Usilipie tarakimu.

Na kama unalipia tarakimu, hakikisha zipo. Tazama spektra ya faili, ile picha ya masafa yaliyomo. Wimbo unaouzwa kama FLAC, faili lisilotupa chochote, lakini masafa yake yamekatwa wima kwenye kHz 16 kama kwa panga, huo mara nyingi ulikuwa MP3 ya kilobiti 128, faili dogo linalotupa sehemu ya sauti, ukavishwa koti jipya. CD halisi husukuma kilobiti 1,411 kwa sekunde. FLAC huzipunguza mpaka kama nusu bila kutupa chochote. Kilichotupwa na MP3 hakirudi ukikihamishia kwenye FLAC, kama vile chai haiwi maji tena ukiimimina kwenye gilasi safi.

Sasa chumba. Hapa nitakaa, mnisamehe wenye haraka.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja likitamkwa, lilielea karibu sekunde tano na nusu, maneno yakapandiana. Wakamkabidhi kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Vyombo vyake vilikuwa filimbi ya kinanda, saa ya kusimamisha, na masikio. Usiku wa manane, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa maonyesho wa jirani, wakaipanga, wakapuliza filimbi, wakapima sauti inakufa kwa muda gani. Wakaongeza mito, wakapima tena. Alfajiri wakairudisha yote mahali pake. Sabine alivaa nguo zilezile usiku hadi usiku, maana aligundua kwamba hata koti la mpimaji linameza sauti. Mito ilipokuwa mingi vya kutosha, ule muda ulishuka hadi sekunde moja na kidogo. Kutokana na mito ile ikatoka fomula ambayo wajenzi wa kumbi bado wanaitumia, na ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa 1900, ndio wa kwanza kupangwa kwa hesabu zake.

Fomula ni fupi: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawa kwa eneo linalomeza sauti, upate sekunde za mkia. Chukueni chumba cha mita 5 kwa 4, kimo 2.7. Ujazo ni mita 54 za ujazo. Kikiwa kitupu, plasta na saruji pekee, jumla ya nyuso zake, kama mita 88 za mraba, inameza sawa na mita 3.5 za mraba hivi. Hesabu inatoa sekunde 2.5. Hicho ni chumba au ni kisima? Kwa muziki nyumbani tunataka sekunde 0.3 hadi 0.5. Haya, tuingize vitu. Kochi la watu watatu lenye mito linameza kama 3. Zulia la mita 3 kwa 2 kama 2. Pazia zito, lenye mikunjo, mita 8 za mraba, kama 4. Rafu ya vitabu, tuseme 1.5. Tumefika 14, na mkia umebaki sekunde 0.6. Ongeza paneli nane za sufu ya mawe, kila moja sentimita 60 kwa 120, unene sentimita 10, upate karibu 6 nyingine. Sekunde 0.44. Mkia umekatwa, na amplifaya bado ni ileile.

Kwa nini unene wa sentimita 10, na hii sponji nyembamba yenye meno meno inayouzwa kila mahali ina kasoro gani? Kasoro yake ni urefu wa wimbi. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4, na robo yake ni sentimita 86. Sponji ya sentimita 2.5 kwake ni kama karatasi mbele ya lori. Inachomeza ni sauti za juu tu. Anayebandika ukuta mzima kwa sponji hiyo anapata chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini, kisha analalamika kwamba spika zake hazina uwazi. Paneli nene, iliyoachiwa sentimita 10 za hewa kati yake na ukuta, ndiyo inayoanza kuigusa besi. Pembe za chumba ndizo zinazohitaji nyingi zaidi.

Na besi ina ujanja wake wa pili. Gawa 343, mwendo wa sauti wa mita kwa sekunde, kwa mara mbili ya kipimo cha chumba. Mita 5 zinakupa Hz 34, mita 4 zinakupa 43, kimo cha 2.7 kinakupa 64 hivi. Katika masafa hayo chumba chenyewe kinageuka chombo cha muziki. Ukikaa katikati kabisa ya urefu wa chumba, zile Hz 34 zinakukwepa. Ukiegemeza kochi ukutani, zinakufunika. Anza na kiti kwenye asilimia 38 ya urefu. Katika mita 5 hiyo ni mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma yako. Kutoka hapo sogeza sentimita 10 mbele, 10 nyuma, huku ukiandika unachosikia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na besi ni hivyohivyo.

Spika nazo zina ukuta wao. Sauti ya besi inazunguka nyuma ya kasha, inagonga ukuta, inarudi ikiwa kinyume na kuila iliyotoka mbele. Umbali wa sentimita 60 kutoka wufa, ile koni kubwa ya besi, hadi ukuta unachimba shimo karibu na Hz 143, pale kwenye kifua cha sauti ya mwanamume. Mita moja inalishusha shimo hadi 86. Kwa hiyo msemo wa "zitoe ukutani" peke yake hautoshi. Zitoe kiasi gani, na shimo unalipeleka wapi? Hilo ndilo swali.

Pembetatu iwe na pande sawa: umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila spika hadi sikio. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iwe kimo cha sikio ukiwa umeketi, mara nyingi kati ya sentimita 95 na 105 kutoka sakafuni. Kisha keti, na mwenzako atembeze kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa pembeni. Unapoiona twita ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia mara ya kwanza. Weka paneli hapo. Fanya vivyo hivyo ukuta wa pili, na dari kama unaifikia.

Wenye sabwufa, ile spika ya besi peke yake, kuna zoezi linalowachekesha wake na watoto. Beba sabwufa uiweke juu ya kiti chako cha kusikilizia. Cheza besi inayotembea, noti hadi noti. Sasa tambaa. Ndiyo, kwa magoti, kandokando ya kuta, kichwa chini. Utafika mahali noti zote zinalingana, hakuna inayolipuka wala inayopotea. Weka alama, sabwufa ikae hapo. Linafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya nukta mbili chumbani ni ileile, uende au urudi.

Anayetaka vipimo badala ya magoti, programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, inahitaji maikrofoni ya kupimia tu. Ila angalia: ukiona kilele, kipunguze. Ukiona shimo, usilijaze. Kuongeza desibeli 10 kunataka wati mara kumi, na shimo la chumba linameza zote. Amplifaya itachoka, wufa itagonga, na shimo litabaki linakutazama.

Hizo wati zenyewe nizipitie haraka. Spika ya desibeli 87 kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita moja, ukiwa umbali wa mita 3 sebuleni, inakupa kama 80. Wati 10 ni 90, wati 100 ni 100. Kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 60 kuna desibeli 0.8, na mnajua tayari nini huitwa hiyo 0.8 dukani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawaona wapenzi wa santuri pale kushoto wananisubiri. Sijawasahau.

Santuri inasamehe mambo mengi, lakini upangaji mbaya haiusamehi. Anza na pimamaji juu ya sahani. Kisha sawazisha mkono wa sindano mpaka uelee wenyewe hewani, weka sifuri, halafu weka uzito anaoutaja mtengenezaji wa katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, wengi wako karibu na gramu 1.8 hadi 2. Usiiamini namba iliyochorwa kwenye uzito wa nyuma ya mkono. Pima kwa mzani mdogo wa dijitali, sindano ikiwa kwenye kimo kilekile cha santuri. Watu huogopa uzito, wakashusha hadi gramu 1.2 "kuilinda santuri". Ndipo wanapoiua. Sindano nyepesi mno haishiki kuta za mfereji. Inarukaruka, na kila ikitua, almasi inachimba plastiki. Zidisha kidogo kuliko kupunguza.

Kisha ulinganifu. Karatasi ya kupimia inawekwa kwenye sahani, katriji inanyooshwa kwenye nukta mbili, milimita 66 na 121 kutoka katikati. Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu mwanzoni mwa santuri ya 33⅓ mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 kwa sekunde, na mwishoni ni 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Kosa dogo la pembe halisikiki mwanzoni, lakini wimbo wa mwisho unageuza kila "s" kuwa mate.

Kuna hitilafu moja inayoletwa kwa mafundi kila siku. "Santuri yangu ina sauti ndogo, nyembamba, haina besi." Tangu 1954 santuri zinakatwa kwa mkunjo wa RIAA, chama cha kampuni za rekodi Marekani: besi inapunguzwa karibu desibeli 20 kwenye Hz 20, na sauti za juu zinapandishwa kiasi hichohicho kwenye kHz 20. Kikuza sauti cha phono, yaani cha mashine ya santuri, ndicho kinachorudisha mizani. Ukichomeka mashine kwenye tundu la kawaida, unasikia mkunjo mtupu. Na kinyume chake: mashine yenye kikuza sauti ndani yake ikichomekwa tena kwenye tundu la phono, besi inafurika na kila kitu kinapasuka. Geuza mashine, mara nyingi nyuma kuna swichi ndogo ya PHONO na LINE. Mara tisa kati ya kumi fundi hutakuwa na haja naye. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, tafuta ule waya mwembamba wa ethi ambao haukufungwa.

Sindano ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 kufuatana na umbo lake na usafi wa santuri zako. Ziandike. Huwezi kuona kwa jicho kwamba imekwisha. Santuri ndiyo itakayokuambia, na itakuwa imechelewa.

Waya. Najua mnangoja niseme kuhusu waya. Shaba ya milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.07. Kwa spika ya omu 4 huo si kitu. Shuka hadi milimita 0.75 na unapata 0.23, hapo inaanza kuhesabika. Basi. Nunua nene ya kawaida, kaza skrubu, nenda kapange kiti.

Ila kuna jambo moja la waya linaloharibu muziki kuliko yote, nalo ni bure: chanya na hasi kupinduliwa kwenye spika moja. Wufa ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta. Besi zinakulana, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati anapotea, unamsikia pande zote na popote. Kuna waliouza spika nzuri kwa kosa hili. Kulikamata ni rahisi. Chomoa waya kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi. Gusa tu, usishikilie. Koni ikitoka nje, sawa. Ikirudi ndani, kuna aliyepindua njiani.

Pale mezani pana spika mbili zisizo na vifuniko, na betri iko kando. Moja kati ya hizo imepinduliwa tangu asubuhi, na ule muziki mliousikia mlipokuwa mkiingia ulitoka kwenye spika hizohizo. Yupo aliyegundua? Hakuna mkono? Haya, wewe bwana wa mstari wa pili, njoo na betri uanze na ya kushoto. Wengine sogeeni mzitazame koni.